Asidi za Mafuta na Milango ya Moyo

Siku tulipopasua moyo wa ng'ombe maabarani, mwenzangu mmoja alishika kipande cha shahamu akasema, "Huyu ndiye adui wa moyo!" Tulicheka. Baadaye nilisoma nikaona mambo si mepesi hivyo.

Moyo wa mtu mzima hupata zaidi ya nusu ya nguvu zake kwa kuchoma asidi za mafuta. Hizo ndizo kuni zake. Taabu huja kuni zikizagaa mlangoni.

Mlango gani? Basi sikiliza. Seli za moyo wa panya mchanga zikitenganishwa katika sahani, kila moja hudunda kivyake. Zikigusana, baada ya muda zinadunda pamoja! Kumbe zimeunganishwa. Kila seli huleta protini sita ziitwazo koneksini, zikajipanga duara. Jirani naye huleta sita zake. Duara mbili zikikutana, mfereji unapatikana. Ioni hupita humo na umeme wake, na seli zote hujikunja pamoja kama watu wa kuvuta kamba siku ya michezo.

Mwaka wa 1991 Janis Burt na wenzake huko Arizona, Marekani, walionyesha kwamba asidi ya oleiki ikimwagiwa seli hizo, mifereji hufungwa na kila seli hubaki peke yake. Asidi hii imo kwa wingi katika parachichi, lakini usiache kula parachichi! Katika damu asidi hizo hubebwa na protini iitwayo albumini, hazimwagiki ovyo.

Hatari iko kwa mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba. Seli zikikosa oksijeni, utando wao huvunjwa na asidi za mafuta huachiliwa humo humo. Zikisaidiana na kalsiamu na uchachu uliozidi, hufunga milango. Kufunga huko huwakinga majirani wazima wasiharibiwe na seli inayokufa. Ila umeme nao hupotea njia, moyo ukatetemeka tu badala ya kudunda.

Nilipomweleza mwenzangu haya, aliniambia mjomba wake alianguka hivyo shambani, ghafla. Akauliza, "Milango haifunguki tena?" Katika sahani hufunguka, asidi zikioshwa kwa albumini. Kwa mtu, sharti kwanza mshipa uzibuliwe, damu ifike kabla seli hazijafa.