Dondoo muhimu: Kufufua pinboli ya zamani

Pinboli nyingi zilizotengenezwa Chicago kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 hazina kompyuta ndani. Zinaendeshwa na relei, koili na swichi ndogo nyingi mno, kwa hiyo fundi mwenye subira anaweza kuzifufua.

Usiichomeke mashine kwenye umeme siku ya kwanza. Kagua plagi, waya na kila fyuzi. Fyuzi inayozidi kiwango alichoweka mtengenezaji huacha koili iungue, na moto unaweza kufuata. Mashine ya soko la Marekani hutaka volti 120 hivi. Penye 240, tumia transfoma ya kushusha.

Piga picha kabla ya kulegeza skrubu yoyote.

Hitilafu nyingi hutoka kwenye swichi. Safisha ncha zake kwa tupa nyembamba, kidogo tu, kisha rekebisha nafasi kati ya vibamba vyake. Usizipulizie mafuta! Hunasa vumbi, na cheche zinaweza kuyawasha. Vile vikono vinavyoupiga mpira, ambavyo Gottlieb ilivileta mwaka 1947 katika Humpty Dumpty, vikiwa dhaifu, kagua swichi yake kabla ya kulaumu koili.

Kioo chenye picha kitunze kuliko vyote. Rangi yake imepakwa upande wa nyuma. Ikianza kubanduka, usiiguse hata kwa kitambaa kikavu. Futa upande wa mbele pekee. Koili hununuliwa nyingine, lakini mchoro asilia ukishabanduka haurudi.