Funga Tawi Wakati wa Vuli, Upande Mche Masika

Kitongoji chochote cha Handeni au Korogwe hakikosi mti wenye sifa: mpera wenye nyama nyingi, mkomamanga mtamu, mndimu usiochoka kuzaa. Jirani huomba mbegu, akaotesha, akasubiri miaka, kisha mpera ukatoa matunda yasiyofanana na yale aliyoonja. Ipo njia ya nyumbani isiyo na gharama kubwa: kuliotesha tawi mizizi likiwa bado mtini.

Wakazi wa Tanga wanaijua kanuni yake kupitia mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza vikonyo (vichipukizi vya mkonge) 1,000 kutoka Florida. Vilivyopona ni 62 tu, na ndivyo vilivyoanzisha kilimo cha mkonge nchini. Kikonyo hutoa mmea uleule wa mama yake, na tawi lililoota mizizi hufanya vivyo hivyo.

Miti inayofaa

Mndimu, mlimao, mpera, mkomamanga na mtini hukubali vizuri, pamoja na maua ya uani kama bogenvilia. Mndimu wa mbegu mara nyingi hufanana na mama, lakini hukawia kuzaa na huwa na miiba mingi. Wa tawi huwahi. Mwembe na mparachichi ni migumu, hivyo tafuta miche iliyobebeshwa. Mchungwa nao ni bora ubebeshwe juu ya shina la mlimao, ambalo mizizi yake hustahimili ukame.

Wakati

Hesabu kuanzia masika kurudi nyuma. Funga matawi Oktoba au Novemba, mvua za vuli zinapouamsha mti na gome kubanduka kwa urahisi. Mizizi huchukua takriban wiki 6 hadi 12. Mche utakaa kivulini wakati wa jua kali la Januari na Februari, kisha utaingia shambani masika yakishakolea.

Hatua za kufuata

1. Chagua tawi lenye afya, lililonyooka na linalopata jua, lenye unene kati ya penseli na kidole gumba. Ondoa majani kwenye sehemu ya sentimita 15 hivi.

2. Kwa kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, zungushia gome mikato miwili iliyoachana sentimita 3, kisha bandua gome lote lililo katikati. Kwangua utelezi uliobaki mpaka mti mkavu uonekane. Utelezi ukiachwa, gome hujiunga tena na mizizi haitoki. Usikate mti wenyewe, kwa sababu ndio unaopandisha maji. Chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani hupitia gome. Kikikosa njia hujikusanya juu ya jeraha, na hapo ndipo mizizi huchipuka.

3. Loweka nyuzi za makumbi ya nazi, kisha zikamue mkononi mpaka yatoke matone machache tu. Zikichuruzika maji, jeraha litaoza. Bandika donge la ukubwa wa ngumi, lifunike jeraha lote na kupita kidogo ukingo wake wa juu.

4. Zungushia nailoni safi, hata ya kifungashio cha zamani, na ukaze ncha zote mbili kwa kamba ya katani. Ncha ya juu ibane zaidi ili mvua isiingie. Funika kwa kitambaa cheusi kuzuia jua.

Usifunge matawi zaidi ya matano kwenye mti mdogo. Kila wiki mbili minya donge kwa vidole. Likiwa kavu, ongeza maji kidogo kwa bomba la sindano.

Kukata na kutunza

Subiri mpaka mizizi iwe mingi, imejaa kwenye nailoni na mingine imeanza kugeuka kahawia. Kata chini ya donge, vua nailoni bila kulitikisa donge la makumbi, na upunguze majani kwa nusu, maana mizizi michanga haiwezi kuyanywesha yote. Panda kwenye kiriba chenye udongo na samadi iliyooza vizuri, ukiweke kivulini, kisha ukizoeshe jua kidogo kidogo.

Mche huu hauna mzizi mkuu. Shambani uegemeze kwenye kijiti, tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa, na uumwagilie katika kiangazi cha mwaka wa kwanza. Kiangazi cha Handeni hakiusamehei mche uliosahauliwa.

Chunga ugonjwa

Tawi hurithi sifa za mama pamoja na maradhi yake. Usichukue tawi kwenye mndimu au mlimao wenye majani ya manjano yenye mabaka yasiyolingana pande mbili, au matunda madogo yaliyopinda. Hizo ni dalili za ugonjwa hatari usio na tiba. Mwonyeshe afisa ugani wa kata mti mama kabla ya kugawa miche kwa majirani. Mti mmoja mzima, uliochunguzwa misimu miwili, ndio unaostahili kusambazwa kijiji kizima.