Habari za Afya Kwenye Simu ya Mwanafunzi

Siku hizi vijiji vingi vina mtoto anayesoma chuo kikuu. Yuko Dodoma, yuko Dar es Salaam, au yuko Mbeya. Wazazi wameuza mahindi na mbuzi ili afike huko. Mtoto huyo ana simu kubwa ya kugusa, na simu hiyo ina intaneti. Nyumbani mtu akiugua, mara nyingi anayepigiwa kwanza ni yeye. "Mwanangu, wewe ni msomi. Hebu tuangalizie kwenye simu, mdogo wako ana homa." Kijana anaangalia. Baada ya dakika tano anajibu: "Mama, mpeni dawa fulani, vidonge viwili."

Leo tujifunze juu ya jibu hilo. Kijana amelitoa wapi? Je, anajua kulipima kama ni la kweli? Na wewe uliye nyumbani na mtoto mwenye homa, utafanya nini nalo?

Kwanza tuelewe intaneti ni nini. Fikiri mnada wa mwezi. Pale kuna muuza vitenge vizuri na kuna muuza vitenge vinavyochuja rangi. Yupo pia mwenye kipaza sauti anayesema chupa yake moja inatibu kisukari, presha, ugumba na nguvu za kiume. Wote wamepanga bidhaa zao chini ya jua moja. Intaneti ni mnada wa namna hiyo, lakini haufungwi usiku, na wauzaji wake wametoka dunia nzima. Shirika la Afya Duniani limo. Wizara yetu ya Afya imo. Na yule wa kipaza sauti naye yumo.

Kijana akitaka kitu katika mnada huo huandika maneno kwenye chombo cha kutafutia, kama Google. Chombo hicho ni kama mtu aliyesimama mlangoni na kukuonyesha kwa kidole: vitenge viko kule, dawa ziko huku. Yeye mwenyewe hakuonja dawa hizo. Tena wako wenye maduka waliomlipa ili aonyeshe duka lao kwanza. Kwa hiyo jibu lililo juu kabisa huenda likawa ni tangazo la biashara.

JE, MSOMI HADANGANYIKI?

Watu wengi hufikiri kwamba aliyefika chuo kikuu hawezi kudanganywa na maandishi. Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wataalamu wa Ujerumani waliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu wa nchi yao karibu 15,000. Waliwauliza jinsi wanavyotafuta habari za ugonjwa huo kwenye intaneti. Wanafunzi zaidi ya 4 katika kila 10 walisema ni vigumu kwao kujua kama habari inaaminika. Karibu 4 katika kila 10 walisema ni vigumu kujua kama aliyeandika anatafuta faida ya biashara. Hao ni wasomi, wa nchi yenye shule nyingi na maktaba nyingi.

Mimi nawasifu wanafunzi hao kwa kusema kweli. Anayejua kwamba hajui huuliza. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayejiona anajua.

Huko Marekani walifanya jaribio la namna nyingine. Hawakuuliza tu, bali waliwapa watu kazi wakatazama wanavyoifanya. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa taarifa ya jaribio hilo mwaka 2017. Walichukua wanafunzi 25 wa chuo hicho, walimu na wasomi wa historia 10, na wakaguzi wa habari 10. Wakaguzi wa habari ni watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kama jambo lililoandikwa ni kweli.

Watu hao walionyeshwa kurasa mbili za intaneti. Kila ukurasa ulieleza habari za watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Ukurasa mmoja ulikuwa wa chama kinachoitwa American Academy of Pediatrics. Hicho ni chama kikubwa cha madaktari wa watoto, kilianza mwaka 1930, na wanachama wake ni makumi ya maelfu. Ukurasa wa pili ulikuwa wa American College of Pediatricians. Majina yanafanana, sivyo? Lakini hicho cha pili ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002.

Zaidi ya nusu ya wanafunzi walisema ukurasa wa kikundi kidogo ndio wa kuaminika zaidi. Kwa nini? Waliukazia macho ukurasa wenyewe. Waliona umepangwa vizuri. Waliona jina lina heshima. Waliona una orodha ya vitabu chini. Hata baadhi ya wasomi wa historia walibabaika. Lakini wakaguzi wa habari hawakupoteza muda kwenye ukurasa ule. Waliuacha upesi, wakaenda kwenye kurasa nyingine kuuliza: hawa watu ni akina nani, na wengine wanasemaje juu yao? Kwa njia hiyo walipata jibu mapema.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwako. Mgeni akiingia kijijini akisema ametumwa na serikali kupima mashamba, humwamini kwa sababu ya shati lake jeupe. Humwulizi yeye peke yake, maana atajisifu. Unakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuuliza kama ameleta barua ya utambulisho. Ukipenda unapiga simu kijiji cha pili alikopita jana. Wewe mkulima, uliyejifunza kusoma ukubwani, unajua kazi hiyo ya ukaguzi. Mwanafunzi anayo kichwani mwake pia, ila akishika simu anaisahau, kwa kuwa simu inajibu haraka na kwa lugha nzuri.

MAJI YA CHUMVI

Habari ya uongo juu ya afya si jambo la kuchekesha. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola uliingia Nigeria. Watu waliogopa sana. Mwezi wa Agosti ujumbe ulizagaa kwenye simu: kunywa maji ya chumvi, na uyaoge, hutapata Ebola. Walioupokea waliwatumia ndugu zao kwa upendo. Aliyetuma hakutaka kumdhuru mama yake, alitaka kumwokoa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi huohuo kwamba watu wasiopungua wawili walikuwa wameripotiwa kufa kwa kunywa maji ya chumvi. Hawakuwa na Ebola. Chumvi nyingi kupita kiasi huvuruga maji ya mwili, na mwenye presha huumia zaidi.

Tazama jinsi ujumbe ule ulivyosafiri. Haukuwa na jina la mwandishi. Kila mtu aliupata kutoka kwa mtu anayempenda, naye akauamini kwa sababu ya upendo huo.

TURUDI KWA MTOTO MWENYE HOMA

Sasa nieleze kwa nini jibu la "vidonge viwili" linanitia wasiwasi mimi ninayekaa zahanati.

Simu haimwoni mtoto. Homa ya mtoto inaweza kuwa malaria, nimonia, ugonjwa wa sikio, au uchafuzi wa mkojo. Zahanati tunatoboa kidole, tunachukua tone la damu, na kwa muda usiozidi dakika 20 tunajua kama ni malaria. Tunahesabu pia pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, tunafikiria nimonia. Kijana aliye bwenini, kilomita 500 kutoka hapo, hawezi kuhesabu pumzi hizo.

Simu haijui uzito wa mtoto. Dawa ya mseto ya malaria hutolewa kwa kilo. Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila mara. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 hupewa viwili. Mtu wa kilo 35 na zaidi hupewa vinne. Hutolewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Nasema hivyo ili uone jinsi uzito unavyobadili dawa. Usitoke hapa kwenda dukani kununua bila kupimwa.

Ukurasa una umri. Mpaka mwaka 2001 dawa ya kwanza ya malaria nchini Tanzania ilikuwa klorokwini. Kisha ikaja SP, na kuanzia mwisho wa 2006 tukaingia kwenye mseto, kwa sababu vimelea vilizoea dawa za zamani. SP sasa tunawapa mama wajawazito kliniki kwa kinga. Lakini ukurasa ulioandikwa zamani unaweza kuwa bado upo kwenye intaneti. Karatasi yake haigeuki njano. Kijana asipotazama tarehe atakuletea dawa ya enzi ya babu yake.

Tena ukurasa una kwao. Kijana hutafuta kwa Kiingereza, na mara nyingi hukutana na ukurasa wa Uingereza. Huko mbu hawaambukizi malaria. Ukurasa wa huko unaweza kusema: mpe mtoto maji mengi, mpe dawa ya kutuliza homa, mwangalie nyumbani. Kwa mama wa London ushauri huo unafaa. Kwetu, mtoto anaweza kulala na homa leo, kesho kutwa akawa na degedege. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa la kweli kabisa mahali fulani, na likamwua mtoto mahali pengine. Hilo wanafunzi wengi hawalifikirii, maana wamefundishwa kuogopa uongo tu.

Dalili zifuatazo hazingoji simu ya mtu yeyote: mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Mbebe, nenda.

UMWAMBIE NINI MWANAO?

Usimwambie aache simu. Simu ina faida. Mimi mwenyewe huitumia kusoma mwongozo wa Wizara. Isitoshe, wanafunzi hutafuta humo mambo wanayoona haya kumwuliza baba au mganga: uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, huzuni isiyokwisha. Ni afadhali wasome kuliko kubaki gizani, ila wasome penye ukweli.

Mwambie hivi: "Mwanangu, nashukuru. Lakini nani ameandika? Ameandika lini, na kwa watu wa wapi? Mwisho wa maneno yake anauza kitu?" Akisema hajui, basi ajue hilo ni jibu tosha, mwache aendelee kutafuta na wewe endelea na safari ya zahanati. Akisema ni dawa ya kununua hukohuko kwenye intaneti, mwulize kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wengi wa wauzaji hao wataishia hapo.

Yapo pia mambo ambayo simu ndogo ya kubofya inayafanya vizuri bila intaneti. Namba 199 ni ya Wizara ya Afya. Unapiga bure, unazungumza na mtu kwa Kiswahili. Namba 115 ni ya kuomba usafiri wa dharura kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Hiyo nayo ni bure. Ziandike kwa mkaa nyuma ya mlango, karibu na namba ya zahanati.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni habari gani ya afya iliyopita kwenye simu za kijiji chenu mwaka huu? Nani aliileta, na nani aliiandika kwanza?

2. Ukurasa wa Uingereza unasema mtoto mwenye homa aangaliwe nyumbani. Kwa nini ushauri huo ni mzuri kule na ni wa hatari hapa?

3. Soma tena habari ya wakaguzi 10. Walifanya nini ambacho wanafunzi 25 hawakufanya?

4. Kila mmoja aandike kwenye daftari lake namba 199 na 115, na aeleze kila moja ni ya nini.