Kufundisha Maneno ya Sifa za Kiasi

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja alitaka kumsifu mtoto asiyependa makuu. Akasema, "Huyu ni mnyonge." Mtoto aliinamisha kichwa. Kosa halikuwa la sarufi, bali la kuchagua neno.

Sifa za kiasi huchanganywa kwa urahisi na maneno ya kudunisha. Mnyenyekevu hujishusha kwa hiari yake. Mnyonge hana nguvu wala mtetezi. Mpole huitawala hasira yake. Mwoga hutawaliwa na hofu. Kwa upande wa vitu, nguo ya kawaida haina mapambo, lakini nguo hafifu haidumu. Nyumba ya kiasi humsitiri mwenyewe bila fahari. Nyumba duni haimsitiri vema.

Darasani, andika jozi hizi ubaoni. Toa kisa kifupi kwa kila neno, kisha uwaulize wanafunzi, "Je, mwenyewe akilisikia atafurahi?" Mwishowe kila mmoja amsifu mwenzake kwa sentensi mbili.

Unaposahihisha, usitazame upatanisho wa kisarufi peke yake. Pima pia kama neno lililochaguliwa limemtendea haki anayeelezwa.