Saa Inadai Sasisho, Mume Anasema Niiache

Ndugu mshauri,

Mimi ni mkunga hapa Unguja. Mwaka jana wifi yangu anayeishi Maskati aliniletea saa janja ya Apple. Ile ya zamani niliyokuwa nayo, Series 3, nikampa binti yangu aliye skuli ya sekondari. Sasa hii mpya kila siku inanidai niisasishe. Nilipofungua maelezo nikakuta orodha ndefu ya kasoro za usalama, na moja inasema picha iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuendesha programu ndani ya kifaa bila mwenyewe kujua. Nikaingiwa na hofu. Mume wangu anasema niachane nayo: masasisho ni mbinu ya kampuni ya kuifanya saa iwe nzito ili ununue nyingine, na tena saa haina cha kuibiwa, kazi yake ni kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Saa ya binti yangu imekaa kimya, haidai chochote. Je, hiyo ndiyo iliyo salama zaidi?

Mkunga, Unguja

Dada yangu,

Sasisha, tena usiku wa leo kama umeme upo. Ya binti yako ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi, na nitaifikia.

Nianze na shemeji, maana shaka yake ina msingi. Desemba 2017 Apple wenyewe walikiri kwamba baadhi ya masasisho yalikuwa yakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Walieleza kuwa lengo lilikuwa kuzuia simu zisijizime ghafla, lakini wateja hawakuwa wameambiwa, na mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani. Hiyo ilikuwa simu. Kwa upande wa saa, ile Series 3 yako ya zamani iliwatesa watu kwa namna nyingine: zile zisizo na laini ya simu zilikuwa na nafasi ya GB 8 tu, na ilifika mahali mtu akitaka kusasisha analazimika kuitenganisha saa na simu, kuifuta yote, kisha kuiunganisha upya. Aliyewahi kupoteza jioni nzima namna hiyo ana haki ya kuchukia neno sasisho. Hata leo, ukishasasisha, betri inaweza kuisha upesi siku ya kwanza au ya pili wakati saa inapanga upya mambo yake, halafu hutulia.

Ninapotofautiana naye ni pale anaposema saa haina cha kuibiwa. Itazame saa yako wakati ujumbe unapoingia. Fedha ulizotumiwa kwa simu zinatajwa palepale mkononi pamoja na salio. Namba ya kuthibitisha ambayo benki inakutumia, ile wanayokuonya usimpe mtu, inatokea mkononi. Mama mjamzito anayekuandikia saa nane za usiku kwamba anatokwa na damu, jina lake na hali yake vyote viko mkononi. Na saa ina maikrofoni. Julai 2019 Apple waliizima kwa muda programu ya Walkie-Talkie kwenye saa zote duniani, baada ya kuarifiwa kuwa ina kasoro iliyoweza kumwezesha mtu kusikiliza kupitia iPhone ya mwingine bila ridhaa yake. Tiba ilikuja mwezi huohuo katika toleo la 5.3 la watchOS, mfumo unaoendesha saa hizi. Aliyekataa kusasisha alibaki bila Walkie-Talkie, na hiyo ilikuwa hasara ndogo, kwa kuwa safari hiyo kampuni iliweza kuifunga huduma kutokea kwake. Kasoro nyingi hazifungiki kwa mbali namna hiyo. Zinasubiri mwenye saa aridhie.

Sasa hiyo picha iliyokutisha. Hofu yako si ya kitoto, kwani jambo hilo limeshatokea. Septemba 2021 watafiti wa Citizen Lab, kituo cha Chuo Kikuu cha Toronto, walikuwa wanachunguza simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia iliyokuwa imevamiwa kwa Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israeli. Wakakuta mafaili yaliyojifanya picha za GIF, zile zinazochezacheza. Kwa ndani baadhi yalikuwa PDF. Mwenye simu hakubonyeza kitu. Simu ilipokea ujumbe, ikajaribu kuisoma hiyo picha kama inavyosoma nyingine zote, na mlango ukafunguka.

Ulifungukaje? Kompyuta ikitaka kusoma picha, kwanza huhesabu itahitaji nafasi kiasi gani katika kumbukumbu. Hesabu hiyo huandikwa kwenye sehemu yenye ukomo wake. Mshambuliaji akiingiza tarakimu kubwa kupita ukomo, hesabu hujizungusha na kuanza upya kutoka chini, ikatoa jibu dogo. Kompyuta ikatenga nafasi ndogo kisha ikamimina data kubwa, na iliyozidi ikamwagikia sehemu za jirani zenye maagizo mengine. Desemba ya mwaka huo Ian Beer na Samuel Groß wa Google walieleza kilichofuata: wavamizi walitumia mbinu ya zamani ya kubana kurasa zilizopigwa picha kwa mashine, JBIG2, na kwa amri zaidi ya 70,000 wakajenga kompyuta ndogo ndani ya picha yenyewe. Sijawahi kusoma uvamizi uliobuniwa kwa akili nyingi kiasi hicho, na akili hizo zilitumika kumwinda mtu anayetetea haki.

Waliovamiwa walivamiwa kwenye simu. Lakini Apple walipotoa tiba tarehe 13 Septemba 2021, saa nayo ilipata toleo lake, watchOS 7.6.2, siku ileile. Sababu ni kwamba saa na simu zinatumia sehemu nyingi za programu zinazofanana, na ile ya kusoma picha ni mojawapo. Simu ikiwa na ufa, mara nyingi saa inao uleule.

Utaniuliza: nani atahangaika kumtumia mkunga wa Unguja silaha ya bei hiyo? Ukweli ni kwamba siku ile ya kwanza hakuna anayekutafuta wewe. Silaha za aina hii hulengwa kwa wanaharakati, waandishi wa habari na wanasiasa. Shida inaanza baada ya tiba kutoka. Ile orodha uliyoisoma inasomwa na wadukuzi pia. Wanalinganisha toleo jipya na la zamani, wanaona palipozibwa, na hapo wanajua mahali pa kugonga kwenye vifaa vya waliochelewa. Ni sawa na fundi kuitangazia mitaa yote ni dirisha lipi la nyumba yako lisilofungika. Kabla ya tangazo walijua wachache. Baada yake anajua kila mwenye nia, na wewe komeo unalo mezani hujalipigilia.

Ukiifungua tena orodha hiyo, tafuta maelezo kwamba Apple wana taarifa kuwa kasoro fulani huenda imeshatumika kwa uvamizi. Ukiyakuta, usilale kabla ya kusasisha. Usipoyakuta, sioni ubaya kungoja siku tatu nne usikie wenzako wanasemaje, hasa likiwa toleo kubwa la mwaka, maana matoleo makubwa huja na sura mpya na vijikasoro vipya. Ila siku tatu nne zisigeuke miezi. Na ujue kuwa ukishapanda toleo, huwezi kulirudisha la zamani.

Kwa kazi yenyewe, sasisha simu kwanza, kisha fungua programu ya saa iliyomo ndani ya simu, uingie kwenye mipangilio ya jumla na hapo utaona sasisho. Saa iwe juu ya chaja yake, na chaji isipungue asilimia 50. Simu iwe karibu na iwe kwenye Wi-Fi. Kama nyumbani huna, mwombe mtu akurushie kutoka simu yake, lakini mhakikishie bando kwanza, kwa sababu faili ni zito. Usiiondoe saa kwenye chaja mpaka imalize. Na mtu yeyote akikutumia kiungo kwa WhatsApp au meseji, akisema ubonyeze usasishe saa, huyo ni tapeli. Sasisho halali haliji kwa njia hiyo.

Nije kwa binti yako. Saa yake imenyamaza kwa sababu haihudumiwi tena. Series 3 ilitoka mwaka 2017 na ikaishia watchOS 8. Toleo la 9 la mwaka 2022 halikuipokea. Juni 2023 Apple waliikumbuka kwa toleo la 8.8.1, baada ya watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta ya mjini Moscow, kugundua uvamizi kwenye iPhone za wafanyakazi wao wenyewe. Kasoro mojawapo, iliyokuwa kwenye kiini cha mfumo, ilikuwa ya aina ileile ya hesabu kupita ukomo. Kwa hiyo hakikisha angalau saa yake imefika 8.8.1. Kasoro zinazogunduliwa sasa kwenye programu ambazo saa hiyo inazo pia zinazibwa kwa wengine, yake inabaki wazi.

Sikuambii umnyang'anye. Kaa naye, mzime pamoja ujumbe, barua pepe na arifa za benki au za fedha za simu zisifike kwenye saa hiyo. Ondoeni programu asizozitumia. Wekeni namba ya siri, tarakimu sita, na saa ijifunge inapotoka mkononi. Abakiwe na hatua zake, kengele ya kumwamsha aende skuli na mapigo ya moyo, yaani zile kazi ambazo baba yake alisema ndizo kazi za saa.