SOMO LETU: KUAGIZA RAMANI KUBWA YA KIJIJI

Ndugu wasomaji, leo tunajifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya kwanza. Tunajifunza kuagiza ramani kubwa ya kijiji, ile ya kutundika ukutani ofisini ili kila mtu aione. Hesabu tutakazotumia ni zile zile za kuzidisha na kugawanya tulizozisoma darasani.

Mbona ramani? Huku kwetu Kasulu na Kibondo vijiji vingi vilipata sura yake wakati wa Operesheni ya vijiji, iliyoanza mkoani Kigoma mwaka 1972. Watu walihamishwa, mashamba yakabadilika, mipaka ikasogea. Baadaye ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inaipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali mpango wa kugawa ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu wa mizinga, hapa makaburi.

Sasa, mtu atakubali vipi kitu asichokiona? Ramani ndogo ya ukubwa wa daftari ikizungushwa mkutanoni, wanaoiona ni watano tu walioko mbele. Wengine wananyoosha mkono kwa sababu jirani amenyoosha. Kesho yake ndiyo ugomvi: "Kumbe shamba langu limeingia kwenye malisho!" Ramani kubwa inayosomeka huzuia maneno hayo mapema.

1. TUANZE NA KIPIMO

Kila ramani ina kipimo chake, yaani skeli. Kipimo cha 1:10,000 maana yake sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 10,000 kwenye ardhi, yaani mita 100.

Tuseme kijiji kina urefu wa kilomita 8 na upana wa kilomita 6. Kilomita 1 ni mita 1,000, kwa hiyo itakuwa sentimita 10 kwenye karatasi. Basi kilomita 8 ni sentimita 80, na kilomita 6 ni sentimita 60.

Je, itaenea karatasi gani? Karatasi hupewa majina kwa ukubwa:

A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Ndiyo ya barua.
A3 ni sentimita 29.7 kwa 42.
A2 ni sentimita 42 kwa 59.4.
A1 ni sentimita 59.4 kwa 84.1.
A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9.

Ramani yetu ya sentimita 60 kwa 80 haienei kwenye A1, maana upana umezidi kidogo. Tunahitaji A0. Hapo inabaki nafasi ya kuandika jina la kijiji, alama ya kaskazini na maelezo ya rangi.

2. KUKUZA SI KUONGEZA UKWELI

Hapa tuwe macho. Wengine huchukua ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, wakaipiga picha kwa simu, kisha wakasema ikuzwe. Eti ikiwa kubwa itaonyesha zaidi. Sivyo. Picha ikikuzwa, herufi hufifia na mistari hunenepa. Simu ikishikwa upande upande, kijiji nacho huonekana kimepinda.

Tupige hesabu. Kwenye ramani ya 1:50,000, mstari wenye unene wa milimita 1 unafunika mita 50 za ardhi. Hilo ni shamba zima la maharage la mtu! Ukiukuza mstari huo mara tano, unakuwa na unene wa milimita 5, lakini bado unafunika mita 50 zile zile.

Kwa hiyo tuombe ofisi ya ardhi ya wilaya itupe faili lenyewe la kompyuta lililochorwa na wapimaji. Faili la michoro ya mistari hukuzwa bila kufifia. Tulibebe kwenye flashi, na nakala nyingine ibaki wilayani.

3. TUJUE BEI INAVYOPANDA

Wachapaji wengi wa mabango makubwa hutoza kwa mita ya mraba. Tuseme, kwa mfano tu, bei ni shilingi 15,000 kwa mita moja ya mraba. Bango la mita 2 kwa mita 1 ni mita za mraba 2, yaani shilingi 30,000.

Mjumbe anasema, "Lifanyeni kubwa mara mbili." Watu wanafikiri ni shilingi 60,000. Lakini ukizidisha urefu na upana mara mbili, unapata mita 4 kwa mita 2, yaani mita za mraba 8. Bei ni shilingi 120,000, mara nne! Tupige hesabu hii kabla ya kikao kupitisha fedha.

Tuulize bei kwa wachapaji wawili au watatu. Kuuliza si ujinga. Tuulize pia ramani itachapwa juu ya nini. Turubai la plastiki halilowi, ila huvutika, na kitu kinachovutika hakifai kupimia. Lafaa kwa bango la mkutano. Kwa ramani, karatasi nene iliyofunikwa nailoni ni bora zaidi. Tuitundike mbali na jua, maana jua hufifisha rangi, na mbali na ukuta wenye mchwa.

4. TUANDIKE ODA

Maneno ya mdomo husahauliwa. Oda iwe hivi:

"Tunahitaji nakala 2 za ramani ya kijiji chetu. Karatasi A0, nene, ifunikwe nailoni. Kipimo ni 1:10,000. Isipunguzwe wala kuvutwa ili kuenea karatasi. Tuone nakala ya kwanza kabla ya kuchapa ya pili. Ivingirishwe ndani ya bomba la plastiki, isikunjwe. Tunalipa arubuni sasa, zinazobaki baada ya kuikagua."

Iwekwe tarehe, saini na mhuri. Nakala ibaki kwenye jalada la kijiji pamoja na stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. TUIKAGUE KABLA YA KULIPA

Aliyetumwa achukue rula. Kabla ya safari, kijiji kichague mahali pawili ambapo umbali wake wa moja kwa moja umepimwa na wapimaji, tuseme kutoka shuleni hadi darajani, kilomita 2. Kwa kipimo cha 1:10,000 lazima iwe sentimita 20. Akikuta sentimita 19, mashine imepunguza ramani, na maandishi ya "1:10,000" yamekuwa uongo. Arudishe.

Apime tena kwa upande mwingine, mashariki hadi magharibi. Ramani inaweza kuwa sawa kwa urefu na kuvutwa kwa upana. Kisha asome majina ya vitongoji moja moja. Jina likikosewa hapo, litakosewa miaka yote.

NENO LA MWISHO

Ndugu, ramani ya ukutani ni ya kusomea na kujadili. Haikati kesi ya mpaka. Hata kwenye ramani nzuri ya 1:10,000, mstari wa milimita 1 unafunika mita 10. Mkigombania hatua tano za shamba, msiende na rula ukutani. Iteni wapimaji, tafuteni mawe ya mpaka na kumbukumbu za kijiji. Lakini siku ya Mkutano Mkuu, kila mama na kila mzee aweze kusogea, aweke kidole na kusema: "Hapa ndipo ninapolima." Hapo atanyoosha mkono akijua anachokubali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kijiji kina urefu wa kilomita 5 na upana wa kilomita 4. Kwa kipimo cha 1:10,000, ramani itakuwa sentimita ngapi? Itaenea karatasi gani?
2. Bango la mita 3 kwa mita 2 ni mita za mraba ngapi?
3. Kwa nini turubai halifai kwa ramani ya kupimia?
4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pawili panafaa kwa kukagulia ramani?