Ghala la Maafa Kondoa: Changisha Wakati wa Mavuno, Usingoje Mafuriko

Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, ina msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mavuno huja kati ya Mei na Julai. Anayetaka kuchangisha fedha za ghala la chakula la maafa aanze na kalenda hiyo kabla ya kuandika barua hata moja, kwa sababu makorongo hufurika katika miezi ileile ambayo vihenge vimebaki vitupu na bei ya gunia imepanda. Mchango unaopatikana Februari, baada ya nyumba kuzolewa na maji, hununua mahindi machache kuliko ambayo ungenunua Julai. Na hapo lori la kupita kwenye tope bado halijalipwa.

Jirani zetu wa Hanang walipigwa mapema mno katika msimu. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope likashuka na mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya karibu. Zaidi ya watu 80 walifariki, na waliopoteza makazi wakapokelewa kwenye shule. Mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Ghala ambalo halikujazwa mwezi wa saba halina cha kupeleka mahali kama hapo.

Wazo la benki ya chakula lilianzia Phoenix, Marekani, mwaka 1967, pale John van Hengel alipoanza kukusanya vyakula ambavyo maduka makubwa yalikuwa karibu kuvitupa. Kondoa hakuna duka la kutupa chakula. Ziada yetu iko shambani, nayo huonekana kwa wiki chache tu kabla wanunuzi wa jumla hawajaisomba. Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni fedha na nafaka kwa wakati mmoja, na vyote viwili viingie ghalani kabla ya Septemba.

Kwanza fahamu kiasi unachoomba. Mgawo wa kawaida wa mashirika ya misaada ni nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5, pamoja na unga wa lishe kidogo ili kufikia kalori 2,100. Chukua kaya 100 zenye watu watano kila moja. Kwa mwezi mmoja zinahitaji tani 6 za nafaka, yaani magunia 60 ya kilo 100, na kilo 900 za mbaazi, choroko au maharage. Mafuta ni kilo 375, chumvi kilo 75. Ukimwonyesha mfadhili hesabu hiyo atakusikiliza tofauti na anavyomsikiliza aliyeandika kwamba wananchi wana hali mbaya. Na upime kwa mizani. Ghala la sadaka linalopokea lumbesa litagombana na watu wake mwaka wa kwanza tu.

Kisha weka bei ya gunia lililofika mkononi mwa mlaji, si bei ya ghalani. Humo ndani mna mfuko, turubai, mbao za kuinulia magunia yasiguse sakafu, posho ya mlinzi, wapakiaji, lori, na kitu kinachosahauliwa kila mara: kusaga. Familia iliyolala darasani haina kinu wala sufuria, na kuni zimelowa. Ukiipelekea mahindi yasiyosagwa umeipa kazi nyingine. Wafadhili wengi hupenda kununua gunia na hawapendi kumlipa mlinzi, kwa hiyo usiwape nafasi ya kuvitenganisha: watajie bei moja.

Sasa, nani wa kumwomba? Mimi ningeanza misikitini, maana Kondoa ina Waislamu wengi na zaka ya mazao tayari ipo katika dini yao. Mkulima wa mvua aliyevuna kufikia kiwango, ambacho hukadiriwa kuwa kilo 650 hivi, hutoa sehemu moja ya kumi. Aliyemwagilia hutoa moja ya ishirini. Hutolewa siku za mavuno, wakati uleule ghala linapohitaji kujazwa. Lakini zaka ina wapokeaji wake wanaojulikana, haiwezi kugawiwa ovyo wala kulipia kila gharama. Keti na sheikh wa BAKWATA wa wilaya, mkubaliane, na zaka iwe na daftari lake na rundo lake ghalani. Usafiri na ulinzi vilipiwe kwa sadaka ya kawaida. Upande wa Wakristo, Kondoa imekuwa jimbo la Kanisa Katoliki tangu 2011, na parokia zina kamati zinazojua nyumba za wajane na wazee kuliko orodha yoyote ya ofisini.

Wana-Kondoa walioko Dodoma mjini, Dar es Salaam, Arusha na nje ya nchi huchanga upesi msiba unapotokea. Kazi yako ni kuwafanya wachange kabla. Kenya walionyesha namna mwaka 2011, wakati wa ukame wa kaskazini: kampeni ya Kenyans for Kenya ilitaja lengo la shilingi milioni 500 za Kenya kwa wiki nne, na wananchi wakachanga kwa simu hadi lengo likavukwa. Palikuwa na kiasi kinachotajwa, muda unaofahamika, na Msalaba Mwekundu kama mpokeaji. Kwenu, lengo la magunia 60 kufikia mwisho wa Agosti linatosha. Fedha zisipite kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwadilifu namna gani. Kikundi kisajiliwe halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, kifungue akaunti yenye watia saini watatu, na kila Ijumaa na Jumapili hesabu isomwe hadharani.

Kwa kampuni na mabenki omba vitu vinavyodumu: mizani, turubai, paa la ghala. Wakitaka kupiga picha na hundi kubwa, wapige na ghala. Mzee aliyepoteza nyumba asipangwe mstari kwa ajili ya kamera.

Serikali usiikwepe. Chakula cha Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hakitolewi kwa barua ya kikundi. Maombi hupanda kupitia kamati za maafa. Mpe mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata nakala ya leja yenu kila mwezi, ili siku ya tathmini ghala lenu lihesabiwe na misaada isirundikane kijiji kimoja.

Hapa pa kuhifadhi sitaki kupita haraka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 kati ya 68 waliougua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kondoa, Chemba na Kiteto zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Chanzo kilikuwa mahindi waliyokula majumbani. Usipokee mahindi yenye unyevu kwa kuogopa kumkera mtoaji. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi kwenye turubai juani. Yaliyokauka yatiwe kwenye mifuko ya kinga njaa, ambayo huzuia hewa na kumwua dumuzi bila dawa. Yenye ukungu yasichanganywe na mazima, na wala asipewe kuku.

Mwisho ni suala la mzunguko. Benki nyingi za nafaka vijijini hukopesha gunia na kudai debe la ziada wakati wa mavuno. Kondoa jambo hilo litaitwa riba, na wenye ghala watakosa hoja. Afadhali kuuza: Februari na Machi, kama msimu umekwenda salama, uzeni theluthi moja ya akiba iliyonunuliwa kwa fedha za sadaka kwa wakazi, kwa bei iliyo chini kidogo ya sokoni. Nafaka ya zaka haimo humo. Hiyo igawiwe kwa wanaostahili. Theluthi mbili zibaki hadi mvua zikatike, kisha ziuzwe kabla mahindi mapya hayajashusha bei, na fedha ziende benki kungoja Julai.